Majina ya Wimbo wa Mwisho

Siku redio ilipomfanyia mzaha marehemu mume wake, Bibiane alikuwa ameinama juu ya meza yake sokoni, anapanga samaki wakavu waliotoka Kasenyi, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Redio ilikuwa ya Dorcas, jirani yake muuza unga, nayo ilikuwa ikipiga kelele tangu asubuhi. Upande ule wa soko hakuna haja ya kila mtu kuwasha yake. Mmoja akiongeza sauti, wengine huzima zao na kulinda betri.

Ilikuwa zamu ya kipindi cha muziki. Mtangazaji wake, Rodrigue, anajulikana Bunia nzima kwa ulimi wake. Akikusifu, watoto watakuimba njiani. Akikuponda, hata mchungaji wako atakupa pole baada ya ibada. Siku hiyo alisema ana albamu mpya mezani, kazi ya dada wa hapa hapa mjini, Vanessa, anayeimba soul. Bibiane akamweka chini samaki aliyekuwa naye mkononi. Vanessa ni binti yake, mtoto pekee aliyebaki naye, na albamu ile ilikuwa imemgharimu miaka ya kuimba kwenye harusi za watu wasiomsikiliza.

Rodrigue alianza kwa upole, kama mchinjaji anavyomshika kuku. Sauti, alisema, hatukatai, sauti ipo. Lakini nyimbo zote ni za polepole, hakuna hata mahali pamoja pa kutikisa kiuno, mnywaji atasinzia juu ya chupa yake. Soko likacheka kidogo. Bibiane alivumilia hayo, maana hata yeye aliwahi kumwuliza mtoto kwa nini anaimba kama mtu anayesimulia ndoto. Kisha Rodrigue akasema kilichomkasirisha hasa ni wimbo wa mwisho, akaupiga. Sauti ya Vanessa ikapita juu ya unga na samaki, haina gitaa wala ngoma.

“Papa Ephraïm, fundi wa baiskeli, Iga Barrière.”

Kwaya ikajibu, “Iko.”

“Mama Bénédicte, muuza mandazi, Iga Barrière.”

“Iko.”

“Glodie, mwanafunzi wa darasa la tano, Iga Barrière.”

Hapo Rodrigue akaukata. Alisema imetosha, yeye mwenyewe hakuweza kufika mwisho.

“Batu ya Bunia, mumesikia? Libanga tupu. Tena libanga ya masikini. Wenzake wanaita majina ya ma-boss, yeye anaita fundi wa baiskeli. Sasa huyu Papa Ephraïm alilipa na nini? Na mupira ya kutoboka? Na huyu Glodie, alitoa mu feza ya shule?”

Soko likaangua kicheko. Kila mtu katika nchi ile anajua libanga ni nini: tajiri anampa mwanamuziki fedha, mwanamuziki analitupa jina lake katikati ya wimbo, na watu wanaocheza wanajua nani ana nacho mwaka huu. Kuna nyimbo zenye majina mengi kuliko maneno. Kwa hiyo watu waliposikia jina, kazi na mahali, hawakufikiri zaidi. Dorcas alicheka mpaka akashika mbavu, unga ukamwagika kidogo kwenye kanga yake.

Bibiane akamwokota tena yule samaki, akampanga mbele.

Dorcas hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka Butembo na biashara yake, ana watoto na kanisa, na hajawahi kumwuliza Bibiane mume wake anaitwaje. Bunia kila mtu ana wafu wake, na adabu ya mji ni kutouliza. Adabu hiyo ndiyo iliyofanya watu wacheke. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba majina yale yalikuwa ya watu waliouawa.

*

Kule Iga Barrière, ukoo wa Ephraïm, mume wa Bibiane, ulikuwa na desturi yake. Anayekuja kwenye matanga hapiti mlangoni kimya kama anayeingia dukani. Husimama, akataja jina la marehemu, kazi yake na mahali alipoishi, na waliokaa ndani hujibu, “Iko,” yaani yupo. Ndipo anapopewa mahali pa kukaa. Wazee walisema ilianzishwa kwa sababu ya walafi, wanaofuata moshi wa sufuria bila kujua wanamlilia nani. Hata kama ilianza hivyo, iliishia kuwa heshima. Mtu alikuwa haondoki duniani mpaka kila aliyemjua ametamka kazi aliyoifanya.

Ephraïm na wenzake hawakupata matanga. Siku wenye silaha walipovamia, waliouawa walibaki chini, na waliobaki hai walikimbia na walichokuwa wameshika. Wa kukaa ndani na kujibu “Iko” walitawanyika kambini na katika vyumba vya kupanga. Vanessa alipoanza kutunga albamu, alikaa na mama yake jikoni, akamwomba amwambie wote, mmoja mmoja. Ni Bibiane aliyesisitiza kazi zao zitajwe. Alimwambia mtoto asimwite mtu jina tupu kama mbuzi.

Kwa hiyo kosa, kama lilikuwapo kosa, lilianzia kwake. Neno hilo lilimkaa rohoni siku nzima. Alipofika nyumbani, mtaa wa Lumumba, katika chumba chao nyuma ya studio ya kurekodia, alimkuta Vanessa amelala kifudifudi na viatu miguuni. Simu yake ilikuwa inalia mfululizo. Mtu alikuwa amerekodi kipindi na kukisambaza, wengine wakaongeza picha za baiskeli mbovu na vicheko.

Vanessa alisema asubuhi ataenda redioni kueleza. Bibiane alimpigia pasi blauzi yake ya kanisani, akidhani mtu aliyevaa vizuri husikilizwa.

Alirudi mapema. Rodrigue hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mtu amwambie kwamba msanii anayetaka kujibu lawama anunue dakika zake kama watu wote, na kwamba angelikuwa na akili angelimletea mtangazaji kitu cha transport siku alipoleta albamu, mambo yasingefika huko. Vanessa aliyasimulia hayo amesimama, bila kulia, huku anafungua vifungo vya blauzi. Bibiane alitamani alie. Kilio angejua la kufanya nacho.

*

Mdomo wa mtu hauna mlango, na wa redio hauna hata ukuta. Baada ya siku chache, mwandishi mmoja wa Kinshasa ambaye hajawahi kukanyaga mkoa wa Ituri aliandika uchambuzi kwenye mtandao. Kwa kweli aliisikiliza albamu vizuri kuliko Rodrigue. Alisifu pumzi ya Vanessa, alisifu ukimya kati ya maneno, aliuita wimbo wa tatu lulu. Kisha akaandika kwamba ni huzuni kuona kipaji kama hiki kinauza wimbo wake wa mwisho kwa vigogo wa mkoani. Vigogo! Glodie alikuwa na magauni mawili, na moja lilikuwa la shule.

Vanessa alimsomea mama yake, akitafsiri kutoka Kifaransa, sauti yake ile ile nzuri. Alipofika neno lulu akatabasamu, alipofika vigogo tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Na Vital akaja. Vital anauza magodoro, ana duka lenye vioo, na kwa mara ya kwanza maishani aliinama kuingia katika chumba cha Bibiane. Aliketi juu ya kiti kimoja kilichokuwapo, akakataa chai, akasema amekuja kwa biashara safi.

“Mama, miye sina maneno mingi. Kama fundi wa baiskeli ameingia mu wimbo, miye mutu ya magodoro munaniweka wapi? Vanessa aseme bei. Lakini miye nataka jina yangu ikuwe ya kwanza, mbele ya ule Ephraïm.”

Bibiane alimwangalia mtu yule, shati lake safi, funguo zake za gari zikilala juu ya goti. Alijua angeweza kumweleza. Lakini kumweleza Vital kulimaanisha kumfufua Ephraïm, kumsimamisha mbele ya muuza magodoro na kumtolea ushahidi kwamba alikufa vizuri vya kutosha. Alimwambia tu kwamba jina la Ephraïm halina bei. Vital alicheka, akasema kila kitu kina bei, akaacha namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi ya sukari.

Aliyekuja kuwamaliza kabisa alikuwa Hippolyte, mwenye studio. Hippolyte si adui. Studio yake ni chumba kilichobandikwa sponji na treya za mayai ukutani, na alimrekodi Vanessa kwa ahadi kuliko kwa fedha. Alipiga hodi, akabaki amesimama huku anaikunja kofia. Wanaoandaa tamasha kubwa la mkoa, alisema, wamemtaka Vanessa jukwaani. Jina lake sasa linajulikana, na kicheko nacho hutangaza. Lakini hawataki aibu mbele ya wageni. Wametoa sharti kwamba majina yale yatoke, kwenye jukwaa na ndani ya albamu yenyewe, kabla haijaanza kuuzwa tamashani. Wimbo wenyewe ubaki, wabaki wanaojibu.

“Wanajibu nani?” Bibiane akauliza.

Hippolyte akajikuna shingo. “Mama, batu watasikia ‘iko, iko’ na watacheza. Haiko mbaya.”

Vanessa alikuwa amekaa kitandani. Hakumtazama mama yake. Alisema, “Toa.”

Hippolyte alipoondoka, Bibiane alifunga mlango ingawa lilikuwa jua kali na chumba hakikuwa na dirisha la maana. Alimwuliza mtoto kama amesikia alichokisema. Vanessa alijibu amesikia. Alisema amechoka kusikia watoto wa mtaa wanaimba jina la baba yake huku wanaendesha baiskeli za kufikirika. Alisema jana muuza vocha alimsalimia, binti wa mupira ya kutoboka. Alidhani anamfungulia baba yake mlango, kumbe amemtoa nje wamcheke.

“Mama, nikimutoa, watanyamaza. Nataka wamuache papa. Ni ile tu.”

“Papa yako hatukumuzika,” Bibiane akasema. “Hakuna mutu aliweka udongo juu yake. Pahali yenye iko sasa ni mu ile wimbo. Ukimutoa pale, unamupeleka wapi?”

Vanessa akageukia ukuta. Akajifunika shuka mpaka kichwani, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na mvua ya mawe ikipiga bati. Bibiane alikaa kwenye kiti alichokalia Vital. Hakumkasirikia mtoto. Alikasirika hasira ambayo hakuwahi kujiruhusu, hata siku ile ya kukimbia, kwa sababu siku ile mtu alikuwa na kazi ya kukimbia. Waliomuua Ephraïm angalau walimjua kuwa ni mtu. Hawa walimfanya kichekesho bila hata kumwuliza ni nani, na sasa walimtaka mtoto wake amalizie kazi.

*

Asubuhi Bibiane aliuza samaki wote kwa bei ya kutupa kwa mwanamke wa meza ya tatu, akafunga fedha zile kwenye ncha ya kanga. Ulikuwa mtaji wake wote. Kisha akapanda kwenda redioni.

Mlinzi alimpima kwa macho kuanzia sapatu mpaka kilemba, akamwambia asubiri kwanza. Walipita watu wenye mikoba bila kusimamishwa. Alipita Rodrigue mwenyewe, kijana kuliko sauti yake, miwani ya jua usoni, harufu nzuri ikimfuata. Alimpita Bibiane kwa karibu sana kiasi kwamba angeweza kumshika shati. Mlinzi alipochoka kumwona akamwuliza anataka nini hasa. Bibiane akasema anataka kutoa komunike, tangazo la kulipia. Mlinzi akamfungulia mara moja. Mwenye malalamiko husubiri, lakini mteja hukaribishwa.

Dada wa mapokezi alikuwa na kucha ndefu na kalamu tayari. Aliuliza kama ni komunike ya kitu kilichopotea, ya ndoa au ya kifo.

“Ya kifo.”

“Nani alikufa, mama?”

“Ni batu mingi. Andika.”

Dada alimkumbusha kwamba komunike za kifo hulipiwa kwa kila jina, na maneno yakizidi huongezewa. Bibiane akasema anajua, akafungua ncha ya kanga. Kisha akataja la kwanza, polepole, jinsi lilivyotakiwa kutajwa mlangoni, na kazi yake, na mahali pake. Kalamu ikaenda. Akataja la pili. Kwenye la tatu kalamu ikasimama. Dada aliinua macho, na Bibiane akaona kwamba ameelewa, na kwamba pengine naye alicheka siku ile, nyuma ya meza hii hii.

“Mama,” dada akasema kwa sauti ya chini, “bote siku moja?”

“Bote siku moja.”

Dada akatazama mlango wa chumba cha utangazaji, akarudisha macho kwenye karatasi. Alisema wanaweza kufupisha. Wakitoa kazi za watu, abaki Ephraïm tu, Bénédicte tu, gharama itapungua na hakuna atakayejua tofauti. Alikuwa anataka kumsaidia kwa nia njema.

“Usitoe,” Bibiane akasema. “Nyinyi ndiyo mulisema jina inalipiwa. Ninalipa. Weka yote.”

Aliendelea mpaka mwisho wao. Vieux Alexis, mwalimu mzee wa kwaya. Mama wa mihogo aliyekuwa na kigugumizi. Vijana wa kupakia mizigo kwenye magari, wawili, mtu na mdogo wake. Dada aliandika bila kuuliza tena, akahesabu fedha, akarudisha noti moja kwa kuisukuma chini ya karatasi. Bibiane akaichukua. Kisha akauliza nani husoma komunike za adhuhuri.

“Rodrigue.”

“Muzuri,” Bibiane akasema.

Dada aliichomeka karatasi katikati ya nyingine, mahali ambapo mtu husoma bila kuipitia kwanza.

*

Alirudi sokoni akakaa nyuma ya meza tupu. Dorcas alimwuliza samaki wako wapi, kama anaumwa, kama ameibiwa. Bibiane alimwomba aongeze sauti ya redio.

Adhuhuri, Bunia husikiliza komunike kuliko inavyosikiliza Injili. Anayepima sukari hushika mizani, mwenye simu hukata simu, kwa sababu jina linaloweza kusomwa linaweza kuwa la kwenu. Rodrigue alianza kwa kasi yake ya kila siku. Kadi ya uchaguzi imepotea, aliyeiokota atazawadiwa. Kikao cha wazazi wa shule kimeahirishwa. Akageuza karatasi.

“Familia ya Papa Ephraïm, na familia zingine za Iga Barrière, zinawatangazia ndugu na marafiki, mahali popote walipo, vifo vya watu wao waliouawa siku moja na ambao hawakufanyiwa matanga. Papa Ephraïm, fundi wa baiskeli, Iga Barrière.”

Akasita. Redioni ukimya una sauti yake, na soko zima liliisikia. Ikasikika karatasi, ikasikika mtu anakohoa mbali na kipaza sauti. Hakuwa na njia. Komunike ikilipiwa husomwa, hata redio isiyo na aibu ina sheria hiyo moja.

“Mama Bénédicte, muuza mandazi, Iga Barrière.”

Hakuwa na kasi tena. Alikwenda kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa.

“Glodie,” akasema, na hapo ulimi uliojulikana mji mzima ukamkwama, akarudia, “Glodie, mwanafunzi wa darasa la tano, Iga Barrière.”

Upande wa mboga, mwanamke mmoja ambaye Bibiane hakumjua akasema, “Iko.” Hakulisema kwa nguvu. Labda alitoka kule, labda aliusikia tu wimbo. Jina lililofuata wakajibu wanawake wachache, na lililofuata wakawa wengi, hata waliouza ndala na vioo. Bibiane aliyasikia majibu yakitoka pande zote za soko, akafunga macho. Alikuwa amesubiri jibu hilo tangu siku ya kukimbia.

Dorcas alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, unga ukimwachia alama mashavuni. Komunike ilipotaja mahali pa matanga, kwa Mama Bibiane, kartie Lumumba, nyuma ya studio, siku ya Jumamosi, akamgeukia.

“Mama Bibiane. Ni bwana yako. Na miye nilicheka.”

“Ulicheka,” Bibiane akasema. Dorcas akainama, akachota unga, akafunga mfuko mkubwa na kuuweka juu ya meza tupu. Ni wa matanga, alisema. Bibiane akaupokea.

Redio haikuomba radhi. Rodrigue alimaliza, kisha likapigwa tangazo la sabuni. Makala ya Kinshasa nayo iko mtandaoni mpaka leo, na vigogo wake.

Jioni Vanessa alimsimulia mama yake yaliyotokea studioni. Hippolyte alikuwa mbele ya kompyuta, amekwishakata jina la kwanza, la baba yake, anatafuta la pili. Jirani wa uani alikuwa na redio. Walisikiliza mpaka mwisho bila kutazamana, kisha Hippolyte akalirudisha jina mahali pake na kuzima mashine. Kesho yake wenye tamasha wakatuma ujumbe mfupi. Walisema wanaheshimu msiba, lakini watu wanakuja tamashani kufurahi, na nafasi ya Vanessa imepewa mtu mwingine. Vanessa aliusoma, akaufuta, akamwuliza mama yake watahitaji sufuria ngapi.

*

Jumamosi walikuja watu kuliko ua ulivyoweza kubeba. Walikuja wa kambini kwa miguu, walikuja wa soko. Kila mmoja alisimama mlangoni, akataja jina, kazi na mahali, akajibiwa, akakaa. Wasiojua waliambiwa na waliotangulia. Vital naye alikuja, akataja jina la Ephraïm kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyedhani anayo, akakaa chini kwenye mkeka ingawa alikuwa ameleta magodoro.

Jua lilipoanza kupungua makali, Rodrigue akatokea. Alivua miwani akiwa bado njiani. Wanawake wakamgeukia. Bibiane aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, si kumkaribisha wala kumfukuza. Kijana alitoa bahasha, akaishika kwa mikono miwili.

“Mama, nimeleta kitu kidogo. Miye sikujua.”

“Haukuuliza,” Bibiane akasema. “Rudisha ile mu mufuko. Hapa jina hailipiwi. Sema jina, uingie.”

Rodrigue akaishusha bahasha. “Ni miye Rodrigue, wa redio.”

“Haiko jina ya kwako.”

Kijana akatazama watu waliojaa uani. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemsaidia. Hatimaye akasema, kwa sauti isiyo ya redioni, “Papa Ephraïm. Fundi wa baiskeli. Iga Barrière.”

“Iko,” ua mzima ukajibu.

“Na ya pili?” Bibiane akauliza.

Rodrigue alifungua mdomo. Alikuwa amewasoma wote mbele ya mji mzima, mmoja baada ya mwingine, na siku ile nyingine aliwachekelea. Alitazama chini, akatafuta, midomo ikacheza. Jina la pili hakulikumbuka.

Bibiane alimwacha asimame pale mpaka kila mtu akaona. Kisha akamwonyesha nafasi kwenye mkeka, kati ya Dorcas na Vital.

“Kaa pale. Mutoto anaenda kuimba. Leo utasikia mupaka mwisho.”

Vanessa alisimama karibu na jiko, mikono yake bado ina majivu. Hakuanza na wimbo wa mwisho. Alianza na wa kwanza wa albamu, ule wa polepole kabisa, na baada yake kulikuwa na wa pili na wa tatu na nyingine zote. Rodrigue alikaa amekunja miguu, bahasha mapajani, hajui aiweke wapi. Majina yalikuwa bado mbali.